Kumng'arisha bibi harusi kwenye picha bila kumuuliza, fundi ana haki hiyo?

Mwanakwetu: Wadau, mdogo wangu kaolewa, picha zimekuja jana, kawa mweupe mpaka shangazi anauliza huyu nani. Fundi anasema ndo staili ya sasa. Mimi nasema rangi ya mtu haiguswi kabla hajaulizwa. Mnaonaje?

KiparaTanga: Huko kung'arisha ni uongo mtupu. Zamani unaingia studio unapigwa ulivyo, ndo maana picha za wazee wetu zina heshima mpaka leo.

BintiMakorora: Zamani ipi hiyo Kipara? Koti la studio, saa ya studio, maua ya studio! Seydou Keïta, mpiga picha wa Mali, alifungua studio Bamako 1948, ana suti, redio, mpaka Vespa, mteja anachagua atakavyo. Na Bakor, mpiga picha wa Lamu, alikuwa anakata picha kwa mkono anaziunga upya, kompyuta ziko wapi enzi hizo?

KiparaTanga: Kwa hiyo babu yangu muongo? Picha yake ana redio mkononi na ile redio aliinunua kwa jasho la mkonge. Usiniguse hapo.

BintiMakorora: Nani kamtaja babu yako? Nimesema studio zilikuwa na vifaa, na hata aliyeazima koti hakumdanganya mtu, alitaka akumbukwe akiwa nadhifu. Ina ubaya gani?

KiparaTanga: Hakuazima!

MzeeWaFremu: Mnagombania koti na redio. Nimekulia chumba cha giza cha kusafishia picha, nawaambia filamu yenyewe haikutupenda. Kodak, kampuni ya filamu za kamera, walikuwa wanapelekea maabara kadi ya picha ya mwanamke mzungu, kadi ya Shirley wakiiita, rangi inapimwa kwa ngozi yake, sisi weusi tunatoka macho na meno. Wafanyakazi wao wa zamani wanasema walioanza kusikilizwa ni watu wa chokoleti na fanicha za mbao, maana bidhaa zao hazionekani vizuri, sio sisi. Sasa tumepata kamera inayotuona vizuri, halafu fundi mweusi mwenzetu anakaa kwenye kompyuta anatufuta tena. Inaniuma sana.

Dotto_K: Mzee kwa heshima, wateja wenyewe wanaomba. Nikikataa anaenda kwa jirani, kodi ya fremu nalipa na nini?

BintiMakorora: Akiomba mwenyewe mpe, hiyo ni sawa na koti, kachagua yeye. Huyu bibi harusi hakuulizwa, kachaguliwa rangi na mtu aliyelipwa ampige.

KiparaTanga: Bado mnaongelea koti. Redio ilikuwa yake, muulizeni yeyote pale mtaani.

Mwanakwetu: Jamani na picha za mdogo wangu? Albamu inaprintiwa Ijumaa.

MzeeWaFremu: Mwanangu piga simu leo hii, mwambie asiprinti na akupe picha ghafi zote, zile hajazigusa, kabla hajafuta kadi ya kamera. Zikishafutwa kuzirudisha ni shida.