Mrejesho: stika za Spitfire zimekaa, vumbi ndo lilinisumbua

Wakuu, mrejesho kama nilivyoahidi. Niliuliza kwa nini stika za kindege changu cha kuunga, Spitfire Mk V (ndege ya kivita ya Waingereza, Vita vya Pili vya Dunia) ya 1/72, yaani ndogo mara 72 kuliko halisi (mabawa sentimita 15 na ushee tu), zikikauka zinabaki na ukungu mweupe. Mliosema rangi isiyong'aa inabana hewa chini ya stika mlipatia. Nimepiga vanishi ya kung'aa kwanza, nikaacha siku mbili, nikabandika stika na tone la siki juu yake, ikalala kama imechorwa kwa brashi.

Kuchakaza sasa, yaani kuifanya ionekane imetumika, ndo patamu. Hii nimeipaka rangi za jangwani, kahawia na njano ya mchanga juu, bluu chini, kwa hiyo vumbi lazima, na vumbi hapa Dodoma si la kununua, nikachekecha udongo wa uani kwa stokingi ya mama watoto (hajajua bado), kumbe mwekundu mno, ikabidi nichanganye na unga wa chaki. Alama za rangi kuchubuka nimetumia kipande cha sponji ya vyombo na rangi ya silva kidogo sana, nadonoa kwenye shina la bawa la kushoto, maana mlango wa rubani uko upande huo. Bawa la kulia nilinogewa, likawa kama sufuria ya mama ntilie, nikapaka upya. Masizi ya ekzosi ni mkaa wa jikoni niliosaga, nikapaka kwa kidole kuelekea nyuma.

Sasa iko juu ya friji, mtoto anaiangalia tu kwa mbali.