Zana ya kupakua faili kwa wakala wa AI: kwenye maelezo yake niandike nini, niache nini?

KahawaRau (Moshi)

Wakuu habari za jioni. Nina jambo linanisumbua wiki ya pili sasa.

Niko kwenye ofisi ndogo ya kahawa hapa Moshi, watu wanne tu, na kazi yangu ni makaratasi: mikataba ya wanunuzi, hati za usafirishaji, ripoti za waonjaji. Karibu vyote vinakuja kama viungo ndani ya barua pepe. Nimetengeneza wakala wa AI anayesoma hizo barua, anapakua faili na kuzipanga kwenye folda ya kila mnunuzi. Zana ya kupakulia (kipande cha msimbo ambacho wakala anakiita) nimeiita pakua_faili, na maelezo yake ni sentensi moja: "Hupakua faili kutoka kwenye kiungo." Niliona inatosha.

Jumanne mama anayeshika hesabu akaniita: "Mwanangu, huu mkataba haufunguki." Nikaangalia: mkataba.pdf, KB 9. Mkataba wa kurasa kumi na mbili uliopigwa skana, wenye mihuri na sahihi, hauwi KB 9. Nikaufungua kwa kihariri cha maandishi. Faili halisi ya PDF huanza na %PDF. Hii ilianza na <!DOCTYPE html>. Kumbe ni ukurasa wa wavuti (HTML) wa kuingilia kwenye akaunti, umehifadhiwa kwa jina la mkataba! Seva ilijibu 200 (yaani ombi limefaulu), zana ikasema "Tayari", wakala akamwandikia mama kwamba mkataba umepokelewa. Mama akamjibu mnunuzi hivyohivyo. Hilo ndilo limeniuma, maana jina lililochafuka ni lake.

Kosa jingine ni kiungo kilichokufa, 404. Zana ilirudisha neno "Imeshindikana" basi, na wakala akakijaribu kiungo kilekile mara kumi na moja.

Nataka kuandika maelezo upya. Shida ni kwamba maelezo ya zana yanakwenda kwa modeli (AI yenyewe inayomwendesha wakala) kila ombi, na tokeni, yaani vipande vya maneno inavyosoma, zinalipiwa. Nyie mnaandika marefu kiasi gani?

Fundi_Njiro (Arusha)

Pole sana mkuu, na mpe pole mama.

Mtu akipewa zana isiyo na maelezo atachungulia folda, ataona KB 9, atashtuka kama ulivyoshtuka. Wakala hana pa kuchungulia. Anachokijua ni jina la zana, maelezo pamoja na vigezo vyake, na jibu linalorudi. Watu wengi wanahangaika na maelezo wakasahau kwamba jibu nalo ni maelezo. Mimi naanza na jibu.

Futa "Tayari". Rudisha mahali faili ilipohifadhiwa, ukubwa wake kwa baiti, aina iliyotajwa na seva kwenye Content-Type, na aina uliyoigundua mwenyewe kwa kusoma baiti za mwanzo. Kilichokuja kikiwa sicho kilichotarajiwa, zana iseme kwa sentensi kamili: "Kiungo kimerudisha ukurasa wa HTML, si PDF. Huenda panahitajika kuingia kwenye akaunti. Usirudie; mjulishe mtumiaji." Sentensi hiyo unailipia siku ya kosa tu, kwa hiyo hata hofu yako ya tokeni inapungua.

Vivyo hivyo kwa makosa ya seva. 404, asirudie. 403 (hana ruhusa), asirudie, amwambie mtu. 503 (seva haipatikani kwa sasa), asubiri, na seva ikituma Retry-After, yaani muda wa kusubiri, mpe muda huo. Wakala wako alirudia mara kumi na moja kwa sababu "Imeshindikana" haikumwambia kama kurudia kunasaidia.

Kwenye maelezo yenyewe, nafasi kubwa naipa yale ambayo zana HAIFANYI. Haiingii kwenye akaunti, haibonyezi vitufe, haifungui zip, haisomi yaliyomo. Usipoyataja, modeli itakisia, na mara nyingi itakisia kwamba zana inaweza.

BintiNgaramtoni

Kaka Fundi kaeleza vizuri. Naongeza lililonitesa mimi, maana huku kwetu umeme na mtandao unavijua.

Upakuaji ukikatika katikati, zana yangu ilikuwa inaomba kuendelea kwa Range (kuomba sehemu tu ya faili). Seva ikikubali inajibu 206 na kuleta kipande kilichobaki. Isipokubali inajibu 200 na kuleta faili nzima tangu mwanzo. Mimi nilikuwa naunganisha tu bila kuangalia namba, nikapata faili yenye mwanzo mara mbili. Sasa jibu langu lina sehemu ya "imekamilika", nayo inakuwa ndiyo pale tu baiti zinapolingana na Content-Length (ukubwa uliotajwa na seva). Seva isipotaja ukubwa, zana inasema ukubwa haukutajwa.

Na tafadhali sana, usiandike "usihifadhi nje ya folda" ukaamini umezuia. Hayo ni maneno. Msimbo ndio ukatae ../ (njia ya kutoka nje ya folda) na anwani za ndani kama 127.0.0.1 na 169.254.169.254. Vilevile wakala ajulishwe kwamba maandishi yaliyomo kwenye faili ni data tu, si maagizo ya kufuata. Wewe unapakua vitu vya watu wa nje kila siku, mkuu.

Mzee_Kijenge

Mnyang'anye wakala kigezo cha kiambishi cha faili. Yeye achague "mkataba", zana ndiyo iongeze .pdf au .html kulingana na ilichokigundua. Mkataba.pdf wa uongo usingekuwepo.

KahawaRau (Moshi)

Shikamoo Mzee, hilo sikuliwaza kabisa. Asanteni wote. Nimekesha nalo, haya ndiyo maelezo mapya:

"Hupakua faili moja kutoka kiungo cha http au https na kuihifadhi kwenye folda ya kazi. Itumie unapokuwa na kiungo cha moja kwa moja cha faili. Haiingii kwenye akaunti na haisomi yaliyomo. Usimwambie mtumiaji kwamba faili imepokelewa mpaka 'imekamilika' iwe ndiyo na 'aina_iliyogunduliwa' iwe ile aliyoitaka. Ikishindikana, fuata sehemu ya 'hatua' kwenye jibu."

Nimekijaribu kile kiungo cha Jumanne. Safari hii wakala amemwandikia mama kwamba mkataba uko nyuma ya ukurasa wa kuingia na unahitaji nywila ya ofisi. Mama ameingia mwenyewe, ameupakua: kurasa kumi na mbili, MB 2. Saa hizi ndiyo anausoma.