Mfanyabiashara atulieje mbele za Mungu wakati wa Majilio?

Mama wa Makoroboi: Tumsifu Yesu Kristo. Nina duka la nguo za watoto hapa Makoroboi, Mwanza. Kila ifikapo Desemba, katika Majilio, yaani majuma ya kujiandaa kwa Noeli, wakati Kanisa linatuhimiza tukeshe na kumngoja Bwana, wateja kutoka Sengerema na visiwani huja kwa wingi kununua nguo za sikukuu, na jioni ninakimbilia mazoezi ya kwaya ambako tunaimba Noeli kabla Noeli haijafika. Padre wetu ametusihi tutulie ili tumtambue Mungu aliye kati yetu. Nauliza kwa dhati: anayetegemea msimu huu kulipa ada za Januari atatulia saa ngapi?

Katekista Mstaafu: Milele amina, mama. Hakuna anayekudai ufunge duka. Hadi tarehe 16 Desemba masomo ya Misa yanasisitiza zaidi ujio wa Bwana mwisho wa nyakati, na kuanzia tarehe 17 ndipo yanapotuelekeza waziwazi kwenye kuzaliwa kwake. Tangu siku hiyo hadi tarehe 23, Masifu ya Jioni, yaani sala rasmi ya jioni ya Kanisa, huwa na antifona (viitikio vifupi) za pekee, kama vile Ee Hekima, Ee Shina la Yese na Ee Emanueli. Chukua ile ya siku husika, uirudie moyoni unapokunja nguo. Saa sita mchana sali Malaika wa Bwana, kwa maana sala hiyo inahusu fumbo hilohilo la Neno kufanyika mwili, nayo haifikishi dakika tano. (Kuhusu kwaya tuvumiliane, Noeli haiwezi kuimbwa vizuri bila mazoezi.)

Msafiri wa Busisi: Kabla daraja la Kigongo–Busisi halijafunguliwa Juni 2025, tulikuwa tukingoja kivuko, na katika kungoja huko wengine walisali rozari. Sitamani foleni ile irudi, hasa nikiwafikiria wagonjwa waliokuwa wakipelekwa hospitali ya Bugando, lakini muda tuliouokoa umemezwa na simu. Dada yangu, nadhani hata dukani zipo nafasi za namna hiyo, kwa mfano mteja anapomjaribisha mtoto gauni. Usizijaze zote kwa simu.

Mlutheri wa Nyakato: Bwana Yesu asifiwe. Nakubaliana na waliotangulia, ila naona mnamtafuta Mungu pale tu kazi inaposimama. Katika Luka 3, watoza ushuru walimwuliza Yohana Mbatizaji wafanye nini, naye hakuwaambia waache kazi, bali wasitoze zaidi ya walivyoamriwa. Kwa mfanyabiashara, swali la Majilio liko pia kwenye bei: mama aliyetoka Ukerewe na watoto watatu, asiyejua bei za mjini, anatajiwa kiasi gani? Ukimtazama usoni kabla ya kutaja bei, umekwisha kutulia.

Mama wa Makoroboi: Nawashukuru nyote. Ndugu wa Nyakato, bei ya jumla nayo hupanda Desemba, hivyo si kila ongezeko ni tamaa. Hata hivyo, ile ya kumpandishia mgeni naifahamu, na msaidizi wangu ataambiwa leo. Katekista, antifona hizo nitazipata wapi kwa Kiswahili?

Katekista Mstaafu: Ulizia kitabu cha Masifu parokiani. Ukikikosa, sikiliza shangilio (Aleluya na mstari wake) kabla ya Injili katika Misa za siku hizo, kwani maneno yake hutokana na antifona hizohizo.