Naomba ushauri: klorini kwenye maji ya samaki
Habari zenu wakuu. Nipo Dar es Salaam, nina tangi la lita 100 lenye samaki wa dhahabu wanne. Kila Jumamosi nabadilisha robo ya maji, na huwa nalaza maji ya bomba kwenye ndoo wazi saa 24 ili klorini iruke. Safari hii maji yalitoka yakinuka dawa kuliko kawaida. Nikayalaza vilevile, lakini nilipoyamimina tu samaki wakapanda juu wakihema, mmoja akafa. Imeniuma sana, nimemlea tangu akiwa mdogo kama kidole.

Najua kloramini (klorini iliyochanganywa na amonia) haitoki kwa kulaza maji. Wanaotumia sodiamu thaiosalfeti (kemikali ya kuondoa klorini majini), ndoo ya lita 20 mnaweka kiasi gani? Kariakoo inapatikana? Au pampu ya hewa kwenye ndoo inatosha?