Naomba ushauri: "tepali" tuiiteje kwa Kiswahili?

Wakuu, habari za Jumapili. Niko Newala, mikorosho imechanua na binti yangu wa kidato cha pili amenikamata kwenye kona.

Ua la mkorosho halikutusumbua. Ni dogo kuliko ukucha: petali 5 zenye michirizi ya waridi zimejikunja kurudi nyuma, na chini yake sepali 5 za kijani. Moja nimeizoea kuiita jani la ua, nyingine kifuniko cha tumba. Tena asili yake inakubali, maana petali ni Kigiriki, petalon, yaani jani. Neno sepali lilitungwa na Necker, mtaalamu wa mimea, mwaka 1790, nayo inahusishwa na neno la Kigiriki la kufunika.

Kazi imeanza kwenye mshubiri wa mama mkwe, pale karibu na karo. Ua lake lina vipande 6, vitatu nje, vitatu ndani, vyote vimefanana rangi. Kipi jani, kipi kifuniko? Wataalamu wanaviita tepali. Nimefukua nikakuta ni neno la kubuni tu: de Candolle, mtaalamu wa mimea wa Uswisi, alilitunga mwaka 1827 kwa kuiga petali na sepali. Ndiyo maana ukilichambua hupati kitu ndani!

Sasa walimu wa baiolojia na watu wa lugha, nisaidieni. Nimwambie aandike "tepali" yaishe, au kuna neno letu? Mwenzangu kapendekeza "janifuniko", binti kacheka mpaka kaangusha kalamu. Daftari linakusanywa kesho asubuhi.