Mjadala: Usita wa Mui, Lamu, utengewe mafundi au kila mtu auze atakacho?

MwanaMkomani
Ndugu zangu, nauliza wazi. Usita wa Mui ndio njia kuu ya mji wetu, na kabla ufuo haujajazwa kuwa nchi kavu, maji ya bahari yalikuwa yakifika hapo. Leo ukitoka uwanja wa Ngome, karakana za nakshi na za masonara zinageuka maduka ya vifaa vya simu na fulana zilizochapwa mbali. Naona kaunti iwatafutie mafundi vyumba vya kodi nafuu. Mwasemaje?

BabaFeruzi
Kodi nafuu atailipa nani? Nyumba zile ni za watu, nyingine ni wakfu. Halafu hao mafundi wenyewe siku hizi wanachonga kwa mashine. Tulinde nini?

PatasiYaAmu
Kwa mashine? Sheikh, mimi naanza kwa penseli na bikari juu ya ubao, nachora yungiyungi, kisha patasi na nyundo ya mti, kidogo kidogo hadi ua liinuke. Msumeno wa umeme ni wa kukatia ubao tu. Mgongo unaniuma ninapoandika haya. Usituharibie jina.

BabaFeruzi
Sijakutaja wewe. Lakini kuna milango humo ambayo maua yake yote yanalingana kama yamepigwa muhuri. Mnunuzi anaambiwa ni kazi ya mkono. Huo ni uongo, na mimi utaniudhi hadi kesho.

PatasiYaAmu
Basi mtaje huyo muongo, usitupakaze sote!

MkaziWaMombasa
Si UNESCO waliuchukua mji huo mwaka 1999 au hapo karibu? Wao wafanye kitu.

MwanaMkomani
Ni 2001, ndugu. Na orodha yao ya Urithi wa Dunia inatazama majengo na urithi wa mji. Haimlipii mshona kofia kodi ya mwisho wa mwezi.

BintiLangoni
Na kila mkisema mafundi mnatazama upande wa Mkomani tu, mtaa wa kaskazini ya Ngome. Mjomba wangu anashona kofia barazani huku Langoni. Anachora, anatoboa kitundu, anakizungushia uzi, anahamia kingine, mpaka macho yanamtoka maji. Mgeni anapiga picha, anapita. Hamjamuuliza hata mara moja anataka nini.

MwanaMkomani
Mkomani imeingiaje hapa? Nimesema njia nzima.

BintiLangoni
Umesema "ukitoka uwanja wa Ngome". Na sisi wa kusini ya Ngome?

BabaFeruzi
Hapo binti amesema kweli.

PatasiYaAmu
Tunagombania mitaa na mbao hatuzitaji. Marufuku ya kukata miti ya 2018 ilitubana vibaya, na hata baada ya kulegezwa 2023, mbao nzuri bado naitafuta kwa tochi. Nipeni chumba cha bure leo, nitachonga nini ndani yake?

MkaziWaMombasa
Kwa hiyo tatizo si kodi?

PatasiYaAmu
Ni kodi pia! Lakini kwanza BabaFeruzi aje karakanani aone vumbi la mbao, halafu aandike tena hapa.

BabaFeruzi
Nitakuja Ijumaa baada ya swala. Na ule mlango ninaousema nitakuonyesha.

BintiLangoni
Mkimaliza huko shukeni Langoni. Mjomba anauliza kama hicho chumba cha kaunti kitakuwa na dirisha, kwa sababu kofia haishonwi gizani.