Mnaotupia picha za maghorofa ya Guangzhou humu, nani anajua namna ya kudai dipoziti ya chumba?

Wakuu habari za saa hizi. Uzi ni mrefu na nina hasira, asiye na muda apite tu hatugombani.

Juzi kuna mkuu mmoja kaleta uzi wa picha humu. Kaja hapa Guangzhou, China, kwenye maonyesho ya biashara ya Canton, kakaa siku kumi, kafikia hoteli, jioni kapelekwa Zhujiang New Town, mtaa wa maghorofa mapya, kapiga picha ule mnara wa Canton wa mita 600 unavyobadilisha rangi, kaandika wenzetu wanaishi mwaka 2050 sisi bado tunasukumana kwenye mabasi ya mwendokasi. Watu wamegonga laiki mpaka basi. Mimi uzi wake niliusoma nikiwa nimekaa ngazini juu ya kiroba cha nguo, umeme umekatwa jengo zima, simu ina asilimia 11, namsubiri mtu aliyekula dipoziti yangu apokee. Na mwendokasi hata Guangzhou upo, ulianza 2010, na saa moja asubuhi watu wanasukumana vilevile.

Mimi nipo mji huu tangu 2013. Nilikuja kusoma, shule ikaisha nikabaki na biashara, nawatafutia watu wa Kariakoo nguo za watoto, nakusanya, napeleka godauni, zinapakiwa kontena. Hela ya kubadilishia mboga tu, msinikope. Miaka saba yote nimekaa chumba kimoja, kijiji kimoja wilaya ya Haizhu, jina silitaji kwa sababu bado nadai.

Nikisema kijiji msifikirie migomba. Huku wanaita chengzhongcun, kijiji kilichomezwa na mji. Zamani yalikuwa mashamba ya mboga na mpunga, serikali ikachukua mashamba ikapitisha barabara na kujenga maofisi, wanakijiji wakabaki na viwanja vyao vya kuishi, na kwa vile kulima hakupo tena wakaanza kulima wapangaji. Kila mtu kapandisha ghorofa sita saba juu ya kiwanja kidogo, na kuanzia ghorofa ya kwanza jengo linatokeza nje kidogo ili kuiba hewa ya uchochoro, mpaka majengo yanakaribia kubusiana. Wenyewe wanayaita majengo ya kupeana mikono, maana ukifungua dirisha unamsalimia jirani wa jengo la pili kwa mkono. Siyo utani wakuu. Dirishani kwangu nilikuwa naona mswaki wa jirani na kikombe chake cha kijani, nilikuwa najua dawa yake ya meno ikikaribia kuisha kabla yeye hajajua. Saa sita mchana unawasha taa. Mwezi wa tatu ule unyevu wao ukija ukuta unatoka jasho kama mtu mwenye malaria, nguo siku nne hazijakauka, viatu vya ngozi vinaota ukungu. Umeme mwenye nyumba anakuuzia yuani 1.5 kwa uniti na huna pa kulalamika.

Lakini kodi ilikuwa 900. Na chini kwenye uchochoro kuna kila kitu, fundi simu, muuza tambi, kinyozi, mama wa mboga, mpaka saa nane usiku. Na kubwa kuliko yote ndiyo kazi ilikuwa pale pale. Soko la vitambaa la Zhongda lile pale, na nyuma yake vijiji kama Kangle na Lujiang vimejaa vyumba vya cherehani, watu wengi kutoka Hubei. Asubuhi nenda ukaone mwenyewe, mabosi wamejipanga barabarani kila mmoja kashika gauni au suruali mkononi na kipande cha boksi kimeandikwa bei ya kushona pisi moja, mafundi wanapita, wanageuza gauni, wanakagua mishono, wanavuta pindo, wengine wanasonya wanasonga mbele. Bosi ndiye anayebembeleza! Huko kote nilikopita sijaona soko la kazi la namna hiyo. Mimi mteja wangu wa Kariakoo akinipigia anataka pisi 300 za vigauni vya Iddi na kifungo kibadilishwe, nashuka ngazi, naongea na mtu, kesho kutwa mzigo upo. Haya sasa nionyesheni apatimenti ya kwenye zile picha zenu inayofanya hivyo.

Mambo yakaanza kubadilika. Viwanda vile vidogo vinahamishiwa Qingyuan, mji wa jirani, huko wamejengewa eneo jipya kubwa safi, sawa, hongera, ila mimi wa pisi 300 nikifika huko nani ananisikiliza, wanataka oda ya maelfu. Halafu mwaka 2023 serikali kuu ikatoa mwongozo wa kukarabati vijiji vya mijini kwenye miji mikubwa, Guangzhou wakatunga mpaka sheria yao ikaanza kutumika mwezi wa tano 2024. Kwenye karatasi siyo bomoabomoa tupu, kuna pa kubomoa, pa kukarabati na pa kufanya nusu nusu. Sisi tukaangukia upande ule tunaoujua, wa kubomolewa. Kwanza mabango mekundu uchochoroni kwamba atakayesaini mapema atafaidi zaidi. Halafu ukutani likaja lile herufi lao la kubomoa, limezungushiwa duara jekundu, nikawa naliona kila nikishuka kununua vitunguu. Mama wa mboga akahama, kinyozi akahama. Ukiona kinyozi kahama jua hakuna vichwa tena.

Sasa sikilizeni hapa ndipo ninapotaka kulia. Mwenye nyumba halisi mimi sijawahi kumwona usoni hata siku moja. Mtindo wa hivi vijiji ni kwamba mzee mwenye jengo analikodisha lote kwa mtu mmoja, wanamwita er fangdong, mwenye nyumba wa pili, dalali aliyevaa koti la baba mwenye nyumba, naye ndiye anayegawa vyumba, anakusanya kodi, anashika dipoziti. Dipoziti yangu miezi miwili, 1,800, na funguo na umeme 200, jumla 2,000. Mzee kasaini na mradi, kamwambia dalali jengo litoke watu ndani ya siku 30. Dalali akatuandikia kwenye kundi la WeChat, ile WhatsApp ya Wachina, meseji moja, na ule mkono wa kushukuru mwishoni. Tukamuuliza dipoziti. Akasema mzee hajamrudishia na yeye yake. Tukamtafuta mzee, mzee akasema mimi nyie siwajui, mkataba wangu ni na yule. Na ni kweli mkataba hatuna naye. Siku tatu baadaye dalali akavunja kundi. Yaani kundi la watu arobaini na kitu limepotea kwenye simu kama halikuwepo, na risiti zote tulikuwa tunazituma mle.

Na hii ndiyo inayonichoma kwenye zile picha. Nendeni Liede, pale pale karibu na mlipopigia picha. Kilikuwa kijiji, kikabomolewa 2007 ili mji upendeze kabla ya michezo ya Asia ya 2010. Wenye kijiji walirudi wakapewa fleti kwenye minara mipya, kwa kuhesabu mita za ulichokuwa nacho, mwenye jengo kubwa akapata fleti kadhaa. Na nyumba za mizimu yao, yale mahekalu ya ukoo, zikajengwa upya nzuri kabisa kando ya maji. Sina ugomvi nao, ardhi ni yao, na waliteseka njaa kipindi wengi wetu babu zetu hawajaijua hata ramani ya China. Ila mpangaji je? Mahesabu yote ya fidia yanamwangalia mwenye nyumba. Sasa hivi Guangzhou kuna mpaka vocha za nyumba, unabomolewa unapewa vocha unaenda kuchagua fleti iliyokosa mnunuzi, maana maghorofa walijenga mpaka wakapitiliza. Mpangaji wa miaka saba anapewa siku 30. Mizimu imepata nyumba, mimi niliyekuwa nalipa kila tarehe 5 bila kuchelewa nimepata kiroba.

Na msidhani ni sababu sisi ni weusi, hapana, kwenye hili tumechinjwa pamoja. Sensa ya 2020 Guangzhou ilikuwa na watu milioni 18 na ushei na kama nusu yao ni wa kuja, hawana hukou ya pale, ile karatasi inayosema wewe ni mwenyeji wa wapi. Jirani yangu mwenye mswaki ni mama mmoja wa Hubei, fundi cherehani, sisi vijana tunamwita ayi, kama mama mdogo. Miaka 16 kashona nguo mji huu. Mwanawe alipofika umri wa shule, zile pointi wanazohesabiwa wa kuja ili mtoto apate nafasi ya shule hazikutosha, akarudishwa kwa bibi yake kijijini, wanaonana mwaka mpya tu. Siku ya kuhama alibeba mwenyewe kichwa cha cherehani, meza kaiacha, akaniambia Qingyuan wanalipa kwa mwezi, hawalipi kwa pisi, na yeye mkono wake una kasi, kwa mwezi anapunjwa. Akanipa yale mabakuli yake mawili ya chuma. Sikujua niseme nini nikamsindikiza mpaka kituoni.

Tofauti yetu sisi na wao inakuja ukianza kutafuta chumba. Yeye anaulizwa hela. Mimi naulizwa hela, halafu dalali anapiga simu, namsikia anasema ni mgeni, halafu anasema ni Mwafrika, halafu simu inakatwa ananiambia chumba kimeshachukuliwa dakika hii. Dakika hii! Maana sheria inataka mgeni aandikishwe polisi ndani ya saa 24 tangu ahamie, na mwenye nyumba hataki hiyo kwenda na kurudi kituoni. Vijumba kumi na moja nimezungushwa. Waliokuwepo Aprili 2020, kipindi cha corona, mnakumbuka, Waafrika tulivyotolewa majumbani na mahotelini tukalala nje kwenye baraza, sasa nilikuwa nakunja shuka naikumbuka ile, nikasema leo sitalala nje nitarudi Tanga nikauze chapati.

Nimepata Huangqi, upande wa Foshan, ambako wenzetu wengi wamekimbilia. 1,500. Chumba kina jua, nakiri, asubuhi ya kwanza niliamka nikadhani nimechelewa. Ila sasa kazini ni basi mpaka kituo cha treni cha Jiaokou, laini ya 5, nashuka Xicun napanda laini ya 8, saa moja na robo kwenda, saa moja na robo kurudi, na mafurushi. Treni yenyewe nzuri, sibishi, safi, ya baridi, inafika kwa dakika. Mtu asinijibu hapa kwamba nachukia maendeleo. Umeme wa kule kijijini hata siku moja haukukatika mpaka walipoukata wao makusudi. Ninachosema ni kwamba treni ilipofika mlangoni kwangu, mlango ukaondolewa.

Kwa hiyo wale mnaoandika viongozi wetu waje wajifunze huku, wakija wapelekeni na uchochoroni. Wakipelekwa kwenye mnara tu watarudi na somo moja la kijiko cha kubomolea, na hilo waliobomolewa Kimara, Dar, mwaka 2017 wanalijua hawakuhitaji tiketi ya ndege.

NYONGEZA: Naona majibu. Mkuu uliyesema niende mahakamani, kwa yuani 2,000 na mkataba ulioandikwa kwa kalamu nusu ukurasa, asante. Dada uliyesema kuna namba 12345 ya malalamiko ya mji, nimepiga leo asubuhi, wamepokea vizuri kwa adabu, wamenipa namba ya kumbukumbu, wamesema nitapigiwa. Na yule wa "rudi nyumbani basi", nyumbani kwenu au kwetu?

NYONGEZA 2: Wakuu nahitaji msaada wa haraka. Sijui ni ile simu ya 12345 au vipi, saa tatu usiku huu dalali kanitumia yuani 500 kwenye WeChat, kaandika chini yake kwa Kichina "dipoziti, tumemalizana". Sijabonyeza kupokea. Usipopokea ndani ya saa 24 hela inajirudia kwake. Nikipokea naogopa atasema nimekubali yameisha, nisipopokea naogopa ndiyo mara ya mwisho kumwona. Nimepiga skrinishoti. Kuna mtu kapitia hii hapa Guangzhou au Shenzhen? Zimebaki saa 22.